Milimita Mbili

Tulikuwa sita, vizibao vya buluu vya kuazima,
na Cimpunda ilikuwa imenyeshewa usiku kucha.
Ngazi za magunia ya mchanga zilikuwa zimelegea.
Kyalondawa aliteleza mara mbili kabla ya saa tatu
akiwa amebeba ubao wa kupimia urefu wa watoto,
na kwa kuwa ubao ule una upande wa kichwa na upande wa miguu
na upana wa mtoto aliyelala,
bibi mmoja aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni
alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akauliza:
"Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa, koko. Ni utafiti.
"Utafiti," akalirudia neno kama mtu anayeonja chumvi,
akaketi. Kitenge hakukilegeza.

Maswali yetu yalikuwa arobaini na moja.
La tisa: maji mnayachota wapi?
Alinyoosha kisu kuelekea bondeni
ambako ziwa zima lilikuwa limelala bure, jeupe, linang'aa.
Nikaandika: ziwani.
"Futa," akasema. "Hapo nilikuonyesha tu.
Maji tunanunua kwa Mushagalusa, franga mia mbili bidoni,
na akikasirika, mia tatu."
Nikafuta. Karatasi ikatoboka kwenye swali la tisa.

Utepe wa kupimia mkono una rangi tatu,
na watoto walipanga foleni wakidhani ni bangili.
Nshobole, mwenye miaka minane, aliyepita umri wa kupimwa,
alirudi mara tatu, kila mara na shati la mwenzake.

Kisha akaja Nankafu na binti yake, miezi kumi na tisa,
mtoto asiyelia, anayekutazama kama karani.
Wabiwa akamzungushia utepe. Mia moja kumi na sita.
Njano.

Mama hakuhitaji kuelezwa. Mwezi uliopita
walipita wengine, na mwezi ule mwingine wengine tena.
"Njano ni ya kurudi nyumbani," akasema taratibu.
"Nyekundu njo inaleta pakiti.
Ukaze kidogo, dada. Kidogo tu."

Ntakwinja, kiongozi wetu, alikuwa nyumba ya pili.
Asubuhi ile alituonya: msiahidi kitu, msipokee hata ndizi.
Na Wabiwa ndiye aliyetushinda sote mtihani wa takwimu,
ndiye aliyetufundisha kwamba utepe ukae juu ya ngozi
kama mkono wa mtu anayekupenda,
usibane, usilegee.
Alitazama ziwa. Akatazama ule mkono.
Akavuta.
"Mia moja kumi na nne."

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi.
"Soma tena," nikasema.
Akasoma tena, kwa sauti ya mhadhiri, bila kunitazama.
Nne yangu, sijui kwa nini, ilitoka kama tisa,
ikabidi niikoleze wino
mpaka ikasomeka.

Jioni tukishuka, mihogo ilikwisha kuiva,
moshi umelala juu ya mabati.
Bibi alikuwa palepale mlangoni.
"Mmeupata?" akauliza.
Nini, koko?
"Huo utafiti wenu."
Tumeupata, akajibu Kyalondawa, ubao kichwani,
na matope mpaka magotini.

Wiki tatu baadaye, ukumbini, pazia limeshushwa,
mlima mzima ulitandazwa ukutani, nukta kwa nukta.
Profesa alisimama mbele ya moja, fimbo mkononi:
uzito wa mtoto huyu unasema hivi,
urefu wake unasema hivyo hivyo,
ni mkono peke yake unaobisha.
Akasubiri. Feni ilikuwa inalia.
Nilihesabu kucha zangu.
"Basi," akasema, "hili ni kosa la kipimo,"
na akasogea kwenye nukta nyingine.

Pembeni yangu Wabiwa alifungua daftari,
akaandika kwa mwandiko wake safi: kosa la kipimo,
akapiga mstari chini yake,
akapiga wa pili.